Ufunguo wa fotoni kati ya Mtwara na Lindi: hesabu, faiba, na mahali unapovuja

Msimu wa korosho ukifunguka, mafaili ya malipo huanza kutembea: chama cha msingi kwenda chama kikuu, chama kikuu kwenda benki, benki kwenda kwenye akaunti ya mkulima aliyeko Tandahimba au Nachingwea. Faili likiwa njiani limesimbwa. Usimbaji wenyewe, tuseme AES-256, hauna shida. Penye shida ni hatua ya kabla yake: pande mbili zilipataje ufunguo mmoja bila mtu wa katikati kuuona?

Leo ufunguo huo hukubaliwa kwa hesabu ngumu, RSA au mikunjo ya eliptiki. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta (inayofanya kazi kwa kanuni za chembe ndogo mno) yenye nguvu ya kutosha itazifumbua hesabu hizo. Kompyuta ya ukubwa huo bado haijajengwa, ila mtu anaweza kunakili mawasiliano ya leo, akayahifadhi, akangoja. Ndiyo maana kabla ya kuuliza mashine inauzwaje, uliza siri yako ina umri gani. Bei aliyoandika mnunuzi kwenye zabuni ya mnada wa korosho ni siri mpaka zabuni zifunguliwe. Jioni yake kila mtu kijijini anaijua. Haistahili mtambo wa fotoni, yaani chembe mojamoja za nuru. Jalada la mgonjwa au kumbukumbu ya mipaka ya shamba ni jambo jingine, maana vitu hivyo vina madhara hata baada ya miaka 30.

Ugawaji wa ufunguo kwa kwanta, ambao kila mahali huitwa QKD, unaziacha hesabu hizo kabisa na kuegemea tabia ya nuru. Hapa nitauchukua kama mradi wa kweli wa njia moja, Mtwara mjini hadi Lindi mjini, barabara ya kilomita 110 hivi, tuone unadai nini na unarudisha nini.

Asha yuko Mtwara, Bakari yuko Lindi

Utaratibu unaotumika zaidi ni BB84, uliotolewa na Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984. Asha anatuma fotoni mojamoja. Kila fotoni inabeba biti moja, 0 au 1, iliyoandikwa katika mwelekeo wa mtikisiko wake. Kuna namna mbili za kuandika. Ya kwanza ni ya msalaba: mlalo ni 0, wima ni 1. Ya pili ni ya mshazari: nyuzi 45 ni 0, nyuzi 135 ni 1. Asha anachagua biti kwa bahati nasibu, na namna ya kuiandika pia kwa bahati nasibu. Bakari naye anachagua namna ya kuisoma kwa bahati nasibu, bila kujua Asha alitumia ipi. Akisoma kwa namna ile ile, anapata biti sahihi. Akisoma kwa namna nyingine, jibu linakuwa kama kurusha shilingi, na ile biti ya asili imekwisha potea moja kwa moja.

Chukua mapigo nane, yaani mimweko minane ya nuru. Biti za Asha ni 1 0 0 1 1 0 1 0. Namna zake, M ikiwa msalaba na S mshazari, ni M S M M S S M S. Bakari anasoma M M M S S S M M. Baadaye wanapigiana kwenye njia ya wazi, hata simu ya kawaida, wanatajiana namna walizotumia. Biti zenyewe hawazitaji ng'o. Wamelingana katika pigo la 1, 3, 5, 6 na 7. Zinabaki 1 0 1 0 1. Hapa wamebahatika tano. Kwa wastani inabaki nusu.

Sasa aje mdukizi. (Neno letu la zamani hili, mtu anayetega sikio penye maongezi yasiyomhusu, linatosha kabisa.) Fotoni ni moja, hawezi kuichepusha kidogo akaacha nyingine ipite. Kuinakili hawezi pia: hali ya kwanta isiyojulikana hainakiliki, jambo lililothibitishwa mwaka 1982. Anachoweza ni kuisoma na kutuma nyingine mahali pake. Nusu ya mara atakuwa amekosea namna ya kusoma, na kila akikosea, Bakari ana nafasi nusu ya kupata biti isiyo sahihi. Nusu ya nusu ni robo. Akisoma kila fotoni, makosa 25 kati ya kila biti 100 yatajitokeza kwenye biti ambazo zilipaswa kulingana. Asha na Bakari wanatoa sehemu ya biti zao hadharani, wanahesabu makosa, kisha wanazitupa hizo walizozitaja.

Njia nzima isiyo na mdukizi huwa na makosa ya asilimia 1 hadi 3 kwa sababu ya vifaa vyenyewe. Mashine haijui kosa lipi limeletwa na vumbi kwenye konekta na lipi limeletwa na mtu. Kwa hiyo inamhesabia mdukizi makosa yote. Ukali huo ndio unaoupa mfumo uhalali wake, na ndio pia unaowachosha mafundi, maana konekta chafu na jasusi vinaleta kengele ile ile.

Leza haitoi fotoni mojamoja

Vitabu vinasema fotoni moja. Mashine inayouzwa ina leza ya kawaida ya mawasiliano ya nanomita 1550 iliyofifishwa mpaka wastani wa fotoni 0.5 kwa pigo. Wastani huo una maana kwamba katika mapigo 100, kama 61 ni matupu, 30 yana fotoni moja, na 9 yana mbili au zaidi. Hayo tisa ni hatari. Mdukizi anabakiza fotoni moja, anaiachia mwenzake iende Lindi, anangoja Asha na Bakari watajiane namna, kisha anaisoma ya kwake kwa usahihi bila kuacha kosa hata moja.

Dawa yake ni mapigo ya chambo, wazo la Won-Young Hwang la mwaka 2003 lililokamilishwa na wengine mwaka 2005. Asha anachanganya mapigo ya nguvu tofauti, tuseme 0.5, 0.1 na matupu kabisa, bila mpangilio. Mdukizi anayechuja mapigo yenye fotoni mbili atavuruga uwiano wa yanayofika: ya 0.5 yatapungua kwa kiwango kisichofanana na ya 0.1. Asha akitangaza baadaye pigo lipi lilikuwa la nguvu gani, hesabu inamfichua. Mashine isiyo na chambo usiinunue hata kama bei yake ni nusu.

Hesabu ya kilomita 110

Nachukulia kebo inafuata barabara, na ukiweka ziada inayoachwa kwenye mashimo ya maungio unapata kilomita 115. Faiba nzuri inapoteza desibeli 0.2 kwa kilomita katika nanomita 1550 (kila desibeli 10 zikipotea, nuru inabaki moja ya kumi), sawa na desibeli 23. Kebo huja kwenye ngoma, tuseme za kilomita 4, hivyo kuna maungio 29 hivi. Kila ungio lililochomwa vizuri ni 0.05, jumla 1.5. Konekta nne za 0.4 zinaongeza 1.6. Jumla ni desibeli 26, yaani katika kila fotoni 400 zinazotoka Mtwara, moja ndiyo inayoingia jengo la Lindi.

Asha anapiga mara bilioni moja kwa sekunde, wastani 0.5: fotoni milioni 500. Gawanya kwa 400, zimebaki milioni 1.25. Vioo na vigawanyo ndani ya mashine ya Bakari vinakula nusu. Kigunduzi cha indiamu-galiamu-aseniki kinanasa moja kati ya tano. Kila kikinasa fotoni kinalia: imebaki milio 125,000 kwa sekunde. Hapo kuna jambo ambalo matangazo ya biashara hulipitia haraka: kila kigunduzi kikishalia kinapumua, kama mikrosekunde 10, na wakati huo ni kiziwi. Kwa vigunduzi viwili unabaki na milio 75,000 hivi. Nusu inatupwa kwenye kulinganisha namna. 37,000.

Halafu kuna kupunguza, yaani kuufupisha ufunguo ili kufuta chochote alichokijua mdukizi. Kwa kosa la asilimia 3, kurekebisha makosa kunatoa hadharani kama biti 23 kwa kila 100. Kisha sehemu iliyotokana na fotoni moja tu ndiyo inayohesabika kuwa salama, takriban 61 kati ya 100 kwa wastani wa 0.5, na hiyo nayo inapunguzwa tena kwa kadiri ya makosa. Ukimaliza, imebaki robo. Toa mapigo ya chambo, biti za vipimo, na muda ambao mashine inajirekebisha. Ukipanga kupata biti 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde hujajidanganya.

Biti 2,000 si haba kama kazi yake ni kubadilisha ufunguo wa AES-256: unapata karibu funguo 8 kila sekunde, na hakuna ofisi Lindi inayohitaji hata mmoja kwa dakika. Ila mtu akikuambia utatumia ufunguo wa mara moja, ule wa biti moja ya ufunguo kwa kila biti ya ujumbe ambao mwanahisabati Claude Shannon alithibitisha kuwa hauvunjiki kamwe, mwulize faili la megabaiti 5 litapita saa ngapi. Jibu ni saa tano na nusu.

Asilimia 11 ndiyo mpaka unaotajwa sana wa makosa katika BB84. Unatoka hapa: kwa kosa la 11, nusu ya biti inatoka kwa kurekebisha na nusu kwa kupunguza, haibaki hata moja. Lakini hiyo ni kwa fotoni mojamoja halisi. Kwa leza iliyofifishwa kama yetu mpaka unashuka hadi asilimia 6 na ushee, kwa hiyo kengele ya tahadhari iwekwe kwenye 4.

Faiba yenyewe

Omba faiba tupu, isiyo na ampilifaya yoyote njiani. Ampilifaya haiongezi fotoni ya Asha, inaizamisha kwenye kelele. Na kama ingeweza kuinakili, mdukizi naye angeweza. Mtoa huduma akisema atakupa "laini" ya gigabiti, amekusikia vibaya: unataka uzi wa kioo, mwisho hadi mwisho, na pachikodi (nyaya fupi za kuunganishia) zinazopita fremu bila kifaa chenye umeme. Uzi wa pili ndio utakaobeba mazungumzo ya wazi na saa ya kulinganisha. Kuweka vyote kwenye uzi mmoja kunawezekana kwa umbali mfupi, lakini nuru kali ya data inatawanyika ndani ya kioo na kumwaga fotoni za rangi nyingine kwenye dirisha la kigunduzi. Kwa kilomita 115 usijaribu.

Kabla ya mashine kufika, pima kwa OTDR, kifaa kinachotuma pigo la nuru na kusoma linalorudi, kutoka pande zote mbili, nanomita 1310 na 1550. Ungio likizidi 0.1 liandike, likizidi 0.3 lifunguliwe lichomwe upya. Njia ya kusini imechimbwa mara nyingi na magreda, na kila mkato uliotengenezwa haraka umeacha maungio mawili badala ya moja. Kebo iliyozikwa pembeni mwa barabara ina hatari ile ile ya barabara. Mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 ziliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga. Na kumbuka hili kuliko yote: usiwashe OTDR wakati mpokezi wa Lindi ameunganishwa. Pigo lake ni kali mara mabilioni kuliko fotoni moja, na kigunduzi unachokiua ni sehemu ghali ya sanduku lote.

Kiini cha faiba ni mikroni 9. Chembe ya vumbi la chumvi ya pwani inakifunika nusu bila jicho kuiona, kwa hiyo darubini ya konekta inakaa mfukoni mwa fundi. Futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya asilimia 99, kausha, tazama, unganisha. Konekta ya kijani na ya bluu hazioani, hata kama zinaingiana.

Pale kebo inaponing'inia kwenye nguzo, upepo wa kusi unaizungusha, na mwelekeo wa mtikisiko wa fotoni unayumba nao. Mashine iliyoandika biti kwenye mwelekeo itakuwa inajirekebisha kutwa nzima. Chagua inayoandika biti kwenye muda na awamu: pigo linagawanywa kuwa mapacha wawili, la mapema na la kuchelewa, na siri iko kwenye tofauti yao. Kebo ikitikisika inawatikisa wote wawili sawasawa. Msingi wa hesabu haubadiliki, BB84 ni ile ile.

Saa nayo inasumbua. Faiba ikipata joto inarefuka kidogo na nuru inachelewa, takriban pikosekunde 40 kwa kilomita kwa nyuzi moja ya joto. Kwa kilomita 115, nyuzi moja tu inasogeza mapigo karibu nanosekunde 5. Mapigo ya Asha yameachana nanosekunde moja. Bakari asipofuatilia, baada ya masaa machache ya jua anasoma pigo la tano akidhani ni la kwanza, na makosa yanaruka hadi 50 kwa 100. Hiyo 50 ni dalili nzuri ya uchunguzi: mdukizi wa kusoma na kutuma analeta 25, vumbi linapunguza milio bila kupandisha makosa ghafla, lakini 50 kamili ni saa iliyopotea.

Ndani ya chumba, kigunduzi kinataka nyuzi 40 chini ya sifuri, kinapoozwa kwa umeme na kutema joto lake nyuma ya sanduku. Kiyoyozi kikizima mchana wa Desemba, kigunduzi kinapanda joto na kuanza kulia chenyewe bila fotoni. Milio hiyo ya gizani, kama 1,000 kwa sekunde kikiwa kizima, ndiyo itakayoamua umbali, kama tutakavyoona. Umeme ukikatika, yupiesi ibebe mashine na kiyoyozi pia. Wengi hupanga mashine peke yake. Kurudi kwenye joto la kazi na kulinganisha saa upya huchukua dakika kadhaa, na kwa muda huo ofisi inaishi kwa funguo zilizowekwa akiba. Weka akiba ya siku moja walau: kwa ufunguo mmoja kila dakika ni biti 368,640, dakika tatu na ushee za uzalishaji.

Siri ya kwanza inabebwa mkononi

Yote niliyosema yanategemea kwamba anayezungumza na Asha kwenye njia ya wazi ni Bakari kweli. Fotoni haisemi imetoka kwa nani. Mtu akikata kebo pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, akaweka mashine mbili mgongo kwa mgongo, atakuwa Bakari kwa Asha na Asha kwa Bakari. Makosa asilimia 2, taa za kijani pande zote.

Kinga yake ni kuweka muhuri wa hesabu kwenye kila ujumbe wa njia ya wazi, kwa mbinu ya Wegman na Carter, ambayo nayo haivunjiki kwa kompyuta yoyote. Muhuri huo unahitaji siri fupi ambayo pande mbili tayari zinayo. Siku ya kwanza siri hiyo inabebwa na mtu: izalishwe Mtwara kwa kizalishaji cha bahati nasibu halisi, iwekwe kwenye kadi ndani ya bahasha yenye lakiri, watu wawili wapande gari hadi Lindi, ipakiwe, kadi iharibiwe mbele yao. Baada ya hapo mfumo unatenga sehemu ndogo ya kila ufunguo mpya kwa ajili ya mihuri ya kesho. Kwa hiyo QKD kwa uhalisi wake inakuza siri iliyokuwepo. Haizalishi uaminifu kutoka hewani. Muuzaji asiyetaja bahasha hiyo katika maelezo yake anakuficha hatua muhimu au haijui.

Mbele ya Lindi

Watu wakishaelewa ya Lindi, swali linalofuata ni Dar es Salaam. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, desibeli 112 hata bila maungio. Rudia hesabu ile ile: Bakari akiwa Dar angenasa fotoni moja kila baada ya dakika 53. Katika dakika hizo 53 kigunduzi chake kingekuwa kimelia chenyewe zaidi ya mara milioni tatu. Hakuna ufunguo hapo.

Kinachofanyika duniani ni vituo vya kuaminiwa. Kila kipande cha kilomita mia hivi kinatengeneza ufunguo wake, na kituo cha kati kinajumlisha funguo mbili za jirani biti kwa biti na kutangaza jawabu, hivyo ufunguo wa Mtwara unafika mbele umefunikwa na ule unaofuata. China ilizindua njia ya Beijing hadi Shanghai mwaka 2017, kilomita 2,000, vituo 32. Kwa njia yetu ungehitaji vitano au zaidi: Lindi, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri na vinginevyo. Ndani ya kila kituo ufunguo uko wazi kwenye kumbukumbu ya mashine. Mwenye funguo za kile chumba cha Nangurukuru ana funguo za kila mtu. Fizikia yote ile inaishia kwenye kufuli la mlango, na posho ya mlinzi wa zamu ya usiku.

Zipo njia za kupunguza vituo. Mbinu ya nyuga pacha (twin-field) iliyotolewa mwaka 2018, ambapo pande zote mbili zinatuma kuelekea katikati, imefikishwa kilomita 1,002 za faiba maabara mwaka 2023, kwa kasi ndogo mno na vigunduzi vinavyopoozwa karibu na sifuri kabisa ya joto. Setilaiti ndiyo iliyofika Afrika: mwezi Machi 2025 ilitangazwa kazi ya setilaiti ndogo ya China, Jinan-1, iliyounganisha Beijing na Stellenbosch, Afrika Kusini, kilomita 12,900. Kusini hapa tuna mawingu kuanzia Desemba hadi Aprili, na fotoni haipiti wingu. Pia setilaiti ile yenyewe ni kituo cha kuaminiwa, ila kufuli lake liko angani. Mfano wa Afrika ulio karibu na kazi yetu ni wa Durban, ambako mwaka 2010 wakati wa Kombe la Dunia QKD ililinda mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida. Umbali mfupi, mji mmoja.

Anayeshambulia mashine

Wadukizi wenye akili waliacha fotoni zamani, wakageukia masanduku. Mwaka 2010 Lars Lydersen, Vadim Makarov na wenzao walionyesha kwamba ukimwagia kigunduzi nuru kali kinapofuka, kinaacha kuhesabu fotoni na kuwa kama selo ya kawaida ya kupimia nuru, na hapo mshambuliaji anakiamuru lini kilie. Mashine mbili za kibiashara za wakati ule zilidanganyika hivyo, makosa yakiwa sifuri. Njia ya kudumu ni ile ya mwaka 2012, ya Lo, Curty na Qi, ambapo vigunduzi vinawekwa katikati na kuchukuliwa kuwa ni vya adui tangu mwanzo. Usipoinunua hiyo, hakikisha mpokezi ana kipimo cha nguvu ya nuru inayoingia, na mtumaji ana vali ya nuru ya njia moja ili mtu asichungulie ndani kwa leza yake.

Na yupo ambaye hataki siri yako, anataka usifanye kazi. Huyo anafunua shimo la maungio na kukunja faiba kwenye kidole. Ufunguo unasimama mara moja, kama ulivyotakiwa kusimama. Amua mapema mfumo ufanye nini: usimame nao, au urudi kwenye funguo za hesabu? Ukirudi kimyakimya kwenye zile za zamani, mdukizi amejua kidole kinatosha.

Nani anunue

Amri ya kufunga valvu kwenye bomba la gesi la Madimba haihitaji usiri wa miaka 30. Inahitaji uhakika kwamba imetoka kwa mwenyewe, na kazi hiyo ni ya saini za kidijitali, si ya fotoni. Malipo ya korosho yanahitaji usiri wa wastani na uhakika mkubwa. Nikiwa mkweli, karibu kila anayeuliza habari hii kusini anahitaji kwanza usimbaji mpya wa programu unaohimili kompyuta ya kwanta. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kiwango cha usimbaji huo, ML-KEM, mwezi Agosti 2024. Ufunguo wake wa hadhara wa daraja la 768 ni baiti 1,184, unapita kwenye laini yoyote, pamoja na ya simu kutoka Newala. Mashirika ya usalama wa mtandao ya Uingereza, Ufaransa na Ujerumani yote yanaiweka mbinu hiyo mbele ya QKD.

Kwa seva za Linux kazi ni ya alasiri moja. Andika `ssh -V`. Toleo la OpenSSH, programu ya kuingilia seva kwa mbali, likiwa 10.0 au jipya zaidi, linatumia mlkem768x25519-sha256 bila kuulizwa. Likiwa 9.9, limo, liweke kwanza kwenye orodha ya KexAlgorithms. `ssh -Q kex` inakuonyesha yaliyomo. Mbinu hii imechanganywa na ile ya zamani makusudi, ili moja ikivunjika nyingine ibaki.

Mwenye jengo mjini Mtwara na jingine Mikindani, kilomita kama 10, desibeli tatu, mwenye majalada ya miaka 30 na fedha za kuchezea, huyo QKD inamfaa, na aweke funguo zote mbili pamoja: ya fotoni na ya ML-KEM, zichanganywe kabla ya kuingia AES. Hatahitaji kituo cha kati. Atakalopambana nalo ni vigunduzi kuzidiwa na fotoni, maana nusu inafika. Ataweka kififishi cha desibeli 10 mbele ya mpokezi, na kwenye faiba aliyolipia isiyopoteza kitu atakuwa anamwaga nuru kwa makusudi.